Kishazi Tegemezi: Safari ya Sentensi ya Kiingereza na Somo Lake kwetu

Mwanafunzi wa kidato cha pili anapoandika "the man whom I saw him", huchorewa mstari mwekundu na kuambiwa kwamba hajui Kiingereza. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliyofundisha shule za sekondari, na baadaye chuo cha ualimu, niliuona mstari huo mara nyingi mno, na mara chache sana niliona pembeni yake neno moja la maelezo. Kosa lipo, sikatai. Lakini lina asili, na asili yake ni kanuni sahihi kabisa ya lugha nyingine. Kiswahili husema "mtu niliyemwona", na hiyo "-mw-" ya kati haiachwi bila sentensi kuchechemea. Mtoto yule hakubahatisha. Alihamisha alichokijua.

Nimeona vema, ndugu wapenzi wa lugha, tuipitie historia ya kishazi tegemezi katika Kiingereza. Najua uwanja huu ni wa washairi na wapenzi wa Kiswahili, na huenda mtu akauliza Kiingereza kimeingiaje. Kimeingia kwa sababu mbili. Kwanza, watoto wetu wa Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili kisha hukutana na Kiingereza cha sekondari ghafla, na sentensi changamano ndiyo inayowaangusha. Pili, namna Kiingereza kinavyofunga vishazi vyake imeanza kuingia katika Kiswahili chetu, hata katika mashairi, na wengi hatuoni.

Tukumbushane istilahi kwa ufupi. Kishazi huru hujitegemea: "Mvua ilinyesha." Kishazi tegemezi kina kitenzi chake, lakini hakikamilishi maana peke yake: "mvua iliponyesha". Ukiishia hapo, msikilizaji husubiri. Sentensi yenye kishazi huru na kishazi tegemezi ndiyo tuiitayo sentensi changamano. Kila lugha ina njia yake ya kumfahamisha msikilizaji kwamba asubiri, na njia za Kiingereza hazikushuka zikiwa kamili. Zilijengwa polepole, kwa karne nyingi.

Kiingereza cha kale

Kiingereza kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066 kilipenda kupanga vishazi bega kwa bega. Katika kumbukumbu za mwaka kwa mwaka za Waanglo-Saksoni, matukio mengi hufuatana kwa neno lenye maana ya "na": mfalme alifariki, na mwanawe alitawala, na jeshi lilikuja. Msomaji wa Kiswahili hukumbuka mara moja "-ka-" yetu ya masimulizi: akaja, akaketi, akanena. Si dalili ya uchanga wa lugha. Ni mtindo wa masimulizi, nao una heshima yake.

Hata hivyo vishazi tegemezi vilikuwapo. Kulikuwa na neno moja fupi lisilobadilika, lililoandikwa "þe", lililofanya kazi ambayo sisi huwagawia "-ye-", "-cho-", "-lo-" na wenzao. Kulikuwa pia na mtindo wa kupendeza wa kutumia neno lilelile mara mbili: "þa" mwanzoni mwa kishazi cha kwanza na "þa" mwanzoni mwa cha pili. Moja lilimaanisha "wakati ambapo", la pili "wakati huo". Aghalabu kilichotofautisha kishazi tegemezi na kishazi huru ni mahali pa kitenzi: katika tegemezi kitenzi kilielekea mwisho, katika huru kilikaribia mwanzo. Sisi tunao mtindo wa jamii hiyo: "Alipofika, ndipo tulipokula." Mlango wa kwanza hufunguliwa na "-po-", na "ndipo" hutangaza kwamba sasa tumeingia ndani.

Mfalme Alfred, aliyetawala Wessex tangu 871 hadi 899, alihimiza vitabu vya Kilatini vitafsiriwe kwa lugha ya watu wake. Mfasiri wa Kilatini hukutana na sentensi ndefu zenye vishazi ndani ya vishazi, naye hulazimika kuitafutia lugha yake nyuzi za kuvishonea. Tangu zama hizo tafsiri imekuwa karakana kubwa ya sentensi ya Kiingereza. Jambo hili tulishike, maana litatuhusu.

Viunganishi vilivyotengenezwa

Anayedhani kwamba viunganishi ni maneno madogo yasiyo na historia na avifungue atazame ndani. Neno "because" lilikuwa maneno mawili: "by" na "cause", la pili likiwa limetoka Kifaransa baada ya Wanormani. Katika karne ya 14 bado liliweza kuandikwa likiwa limetengana. Sasa tazama "kwa sababu". "Kwa" ni yetu, "sababu" ni ya Kiarabu. Lugha mbili zisizo na undugu, kila moja ikiwa na mgeni wake mlangoni, zilitengeneza kiunganishi kwa ramani ileile.

"While" lilikuwa nomino yenye maana ya muda, kama sisi tunavyosema "wakati". "Unless" lilianzia katika maneno yenye maana ya "kwa kiasi kidogo kuliko". "Although" ni "all" na "though" vilivyoshikana. Na yetu? "Ingawa" ni "i-nga-wa", yaani hata kama ingekuwa. "Iwapo" ni "i-wa-po", yaani panapokuwa hivyo. "Endapo" limebeba kitenzi "enda" na "-po" yake. Hakuna kiunganishi kilichozaliwa kikiwa kiunganishi. Kila kimoja kilikuwa nomino, kitenzi au kifungu kizima kabla ya kuchakaa kwa matumizi na kuwa gundi.

Linalonivutia zaidi ni "that" na "kwamba". "That" ni kionyeshi, sawa na "hicho" au "lile". Wataalamu wengi hueleza safari yake hivi: mtu alisema kama anayenyosha kidole, "Najua hilo: yeye ni mgonjwa," kisha kituo kikahama na kile kionyeshi kikawa mlango wa kishazi kinachofuata. Kiswahili kilipita njia nyingine. "Kwamba" ni "ku-amba", na "amba" ni kitenzi cha kale chenye maana ya "sema", kilekile kilichozaa "ambia". Kwa hiyo Mwingereza alifungua kishazi kwa kidole, na Mswahili alikifungua kwa kinywa. Wote wawili walifika.

Ugomvi wa "who", "which" na "that"

Katika kurejesha nomino, "that" ndiyo iliyotawala Kiingereza cha kati. "Which" na "who" zilikuwa za kuulizia, kama "ipi" na "nani". Kwa mvuto wa Kilatini na Kifaransa, lugha zinazotumia maneno ya jamii moja kuulizia na kurejeshea, nazo zilianza kurejesha. "Which" ilitangulia, na haikubagua watu na vitu. "Who", kama kirejeshi cha kiima, ilichelewa kuenea. Ndiyo maana katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, Sala ya Bwana humrejelea Mungu mwenyewe kwa "which", nalo halikuwa kosa wala utovu wa adabu.

Miaka mia moja baadaye mambo yalikwishageuka. Tarehe 30 Mei 1711 gazeti la The Spectator la London, lililoendeshwa na Joseph Addison na Richard Steele, lilichapisha katika namba yake ya 78 maombi ya mzaha yaliyoandikwa na Steele. Waombaji ni "Who" na "Which", wanaolalamika kwamba wao ni wa ukoo wa kale na wa heshima, lakini sasa wamesukumwa kando na mtu wa juzi aitwaye "That". Siku mbili baadaye, katika namba ya 80, "That" naye alipewa nafasi ya kujibu.

Mzaha ni mzuri, lakini historia imepinduliwa. "That" ndiye mwenyeji. "Who" na "Which" ndio waliokuja nyuma, kisha wakamwita mwenye nyumba mgeni. Nilikuwa nikiwaeleza wanachuo wangu kisa hiki kabla ya kuwapa kanuni yoyote, wajue kwamba hata mwandishi hodari wa lugha yake huweza kuichukua mazoea ya kizazi chake akaiita asili.

Watunga kanuni

Karne ya 18 ilikuwa karne ya vitabu vya sarufi. Robert Lowth alichapisha chake mwaka 1762. Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na mji wa York, alichapisha chake mwaka 1795 kwa ajili ya shule ya wasichana, nacho kikasomwa pande zote mbili za Atlantiki. Humo mgawanyo umewekwa wazi: "who" kwa watu, "which" kwa wanyama na vitu. Mswahili hutabasamu hapo. Kiingereza kilipigania ngeli mbili kwa karne kadhaa, ilhali mtoto wa Kiswahili hushika "-ye-", "-o-", "-lo-", "-cho-", "-vyo-", "-yo-" na "-zo-" kabla hajaanza shule.

Karne ya 19 ilileta uchambuzi. J. D. Morell, akijifunza kwa Mjerumani Karl Ferdinand Becker, alitoa mwaka 1852 kitabu cha kuchambua sentensi, na vishazi vikagawanywa kwa kazi zake: vya nomino, vya kivumishi na vya kielezi. Huko Marekani, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg walieneza tangu 1877 michoro ya mistari inayoonyesha neno gani limening'inia wapi. Sisi tuliosoma sekondari katika miaka ya 1970 tuliwakuta wajukuu wa mbinu hizo ubaoni: majedwali yenye safu ya kishazi, aina yake na kazi yake. Wengi waliyachukia. Mimi niliyapenda, kwani yalinifundisha kuuliza swali moja tu mbele ya kishazi chochote: kinafanya kazi gani, na kinamfanyia nani?

Mwaka 1926 H. W. Fowler, aliyekuwa mwalimu wa shule kabla ya kuwa mwandishi wa kamusi, alipendekeza katika kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza kwamba "that" itumike pale kishazi kinapoainisha nomino, na "which" pale kinapoongeza habari tu. Alikiri mwenyewe kwamba hivyo sivyo walivyoandika waandishi wengi. Lilikuwa pendekezo. Wahariri wengi wa Marekani walilifanya sheria, na leo yupo mwalimu huku kwetu anayekata maksi kwa ajili yake.

Kazi ya koma

Lililo muhimu kuliko pendekezo la Fowler ni koma. Nilikuwa nikiandika ubaoni sentensi mbili. Ya kwanza: "The teachers who came late were not paid." Ya pili: "The teachers, who came late, were not paid." Maneno ni yaleyale. Katika ya kwanza, walionyimwa malipo ni wale waliochelewa tu, na wengine wamekwenda nyumbani na fedha zao. Katika ya pili, walimu wote walichelewa na wote wamekosa. Koma mbili zimeibeba mishahara ya chumba kizima.

Kiswahili hakina utaratibu wa koma uliokazwa namna hiyo. "Walimu waliochelewa hawakulipwa" huelekea maana ya kwanza. Ukitaka ya pili, huna budi kuijenga upya: "Walimu walichelewa, nao hawakulipwa." Mwanachuo mmoja, msomaji mzuri wa tenzi, aliitazama sentensi ya pili ubaoni akasema, "Mwalimu, hapa koma ni pumzi ya msomaji." Alisema kweli. Katika usemi, Mwingereza hushusha sauti na kutua kabla ya kishazi cha nyongeza, na koma ni kivuli cha mtuo huo. Tangu siku ile nilifundisha koma hizo kwa masikio kwanza, kwa kalamu baadaye.

Makosa matatu na asili zake

Sasa turudi kwa mwanafunzi. Makosa yake makubwa katika vishazi tegemezi ni matatu.

La kwanza ni lile la kurudia kiwakilishi: "the man whom I saw him". Nimekwisha kueleza kwamba ni "niliyemwona" aliyevaa koti la Kiingereza. Niongeze kwamba katika Kiingereza cha zama za Chaucer, karne ya 14, "that" iliweza kufuatwa na kiwakilishi cha kurudia namna hiyo. Kiingereza sanifu cha leo kimekiacha. Mwanafunzi aambiwe hivi: Kiswahili hubandika kirejeshi na kiwakilishi cha mtendwa juu ya kitenzi kimoja, bali katika Kiingereza "whom" yenyewe ndiyo mtendwa, na mtu mmoja hakai viti viwili.

La pili ni "Although he was sick, but he came." Kwetu husemwa, "Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja," na wasikilizaji wengi hawastuki. Kiingereza huruhusu "although" kufuatwa na "yet", bali si "but". Sababu yake yaeleweka: "but" huunganisha vishazi viwili vilivyo sawa kwa cheo, na "although" imekwisha kukishusha kimoja. Huwezi kumshusha mtu cheo kisha ukamwita sawa yako katika pumzi hiyohiyo.

La tatu ni "When he will come, I will tell him." Kiswahili kina "atakapokuja", chenye "-taka-" ya wakati ujao ndani ya kishazi tegemezi. Kiingereza huuacha wakati ujao katika kishazi huru peke yake na kusema "when he comes". Kanuni yetu ni kueleza wakati katika vishazi vyote viwili. Kanuni yao ni kuueleza mara moja.

Mwalimu anayejua asili hizi tatu hahitaji mstari mwekundu. Anahitaji dakika tano na ubao uliogawanywa katikati, Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia. Wapo wasimamizi waliotukataza kutamka Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, na wapo bado. Nasema bila kumung'unya: katazo hilo limewanyima watoto taa iliyokuwa tayari mikononi mwao.

Deni linalolipwa na Kiswahili

Nilisema tafsiri ni karakana. Karakana hiyo sasa imefunguliwa kwetu. Anayefasiri kutoka Kiingereza huona "who" imesimama peke yake kama neno, naye hutafuta neno la kuisimamisha mahali pale. Hulipata: "ambaye". Hivyo "mtu aliyekuja" hugeuka "mtu ambaye alikuja", na "mwaka ujao" karibu utageuka "mwaka ambao unakuja".

Tusiionee "amba-". Si mgeni. Ni mtoto wa kitenzi kilekile kilichozaa "kwamba", na ina kazi isiyofanywa na mwingine. Kirejeshi kifupi hakiingii kila mahali. Huwezi kukitia katika "hakuja", katika "hakijasomwa" wala katika "amefika", kwa hiyo twasema "mtu ambaye hakuja" na "kitabu ambacho hakijasomwa". Twasema pia "kijana ambaye baba yake ni mvuvi". Mimi mwenyewe nimeitumia hapa kila ilipohitajika. Neno langu ni kwamba isiitwe pale ambapo kiambishi kinatosha.

Washairi ndio wanaopaswa kulitetea hili kwanza, maana wao hulipia kwa mizani. "Mtu ambaye alikuja" ni mizani tisa, imekwisha kuvuka kipande cha nane kabla hujasema neno la maana. "Mtu aliyekuja" ni saba. "Mtu ajaye" ni tano. Mashairi ya kale ya pwani yalitegemea zaidi viambishi hivi vifupi, pamoja na "aso", "kiso" na "uso" za lahaja za kaskazini, na ndiyo sababu mojawapo ya ubeti mmoja kubeba mengi. Nimetunga huu niwape wanafunzi wauhesabu:

Kishazi kisosimama, huegemea nduguye,
Ni mwana kando ya mama, mkono amshikaye,
Mwalimu ukishasoma, mfunze akufataye,
Lugha huijua vema, historia ajuaye.

Badilisheni kila kirejeshi humo kiwe cha "amba-", muone kama ubeti utabaki ubeti. Kisha lichukueni zoezi hilo mpaka darasani kwa wale wenye Kiingereza: wape sentensi "the child who holds her hand", waifasiri mara mbili, kwa "amba-" na kwa kiambishi, wakieleza kwa maneno yao kishazi kinaanzia wapi na nani anarejelewa. Aliyeweza kulieleza hilo kwa Kiswahili atajua pia pa kuweka "who" na pa kuacha "him".